Bibi Emma Gatewood, Aliyetembea Milima Peke Yake

Katika toleo hili tunawaletea maisha ya mama mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka 1973, ambaye jina lake linatajwa mpaka leo na watu wanaotembea kwa miguu milimani. Ni Emma Gatewood, aliyejulikana zaidi kama Bibi Gatewood. Hakuwa mkimbizi, wala hakuna vita iliyomfukuza kwake. Hata hivyo tunaamini kwamba wengi wetu, hasa akina mama, mtayatambua maisha yake.

Kuzaliwa kwake

Emma alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1887 katika wilaya ya Gallia, jimbo la Ohio. Kwao walizaliwa watoto 15. Baba yake alikuwa mkulima, na ujanani alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Nyumba yao ilikuwa ya magogo, na watoto walilala wanne wanne katika kitanda kimoja. Shule aliishia darasa la nane. Mengine aliyafundishwa na shamba na msitu: kulima, kupika kwa kidogo kilichopo, na kuyajua majani ya porini yanayoliwa na yale ya dawa.

Ndoa ya machozi

Mwezi Mei 1907, akiwa na miaka 19, aliolewa na mwalimu wa shule mwenye miaka 27. Watu walimwona yule bwana kuwa msomi na mtu wa kuheshimika. Lakini ndoa ilikuwa bado changa alipoanza kumpiga mke wake. Walizaa watoto 11. Emma alilima tumbaku, alipika, alifua na kulea, na kipigo kiliendelea mwaka hata mwaka. Zaidi ya mara moja aliponea chupuchupu kufa mikononi mwa mume wake. Alipopata nafasi alikimbilia msituni, akatembea peke yake kati ya miti mpaka moyo utulie, kisha akarudi kwa ajili ya watoto.

Mwaka 1939 alipigwa mpaka meno yakavunjika na ubavu ukaumia. Askari alipoitwa, aliyekamatwa ni Emma. Mama mwenye uso uliovimba alilala mahabusu, na mume akabaki nyumbani. Meya wa mji ule mdogo wa West Virginia alipomwona alivyo, alimtoa humo na kumpa hifadhi nyumbani kwake mwenyewe. Mwaka 1941 Emma alipata talaka mahakamani. Alikuwa ameishi katika ndoa ile zaidi ya miaka 30.

Habari katika gazeti

Watoto walikua, wakaoa na kuolewa. Siku moja Emma alikuta toleo la Agosti 1949 la gazeti la National Geographic. Ndani yake mlikuwa na habari za njia ya miguu inayopita juu ya milima ya Appalachia, kutoka jimbo la Georgia kusini hadi jimbo la Maine kaskazini. Njia ile ilikamilika mwaka 1937. Inapita katika majimbo 14, na wakati ule urefu wake ulikuwa karibu kilomita 3,300. Mtembeaji huongozwa na alama za rangi nyeupe zilizopakwa kwenye miti na mawe. Mwaka 1948 kijana mmoja aliyetoka jeshini aliitembea yote kwa msimu mmoja. Mwanamke aliyefanya hivyo peke yake hakuwepo bado.

Emma alijaribu mara ya kwanza Julai 1954, akianzia Maine. Alipotea njia, miwani yake ikavunjika, chakula kikamwishia. Walinzi wa msitu walimshauri arudi nyumbani, naye akarudi. Wengi wangesema basi, uzee umeshafika. Yeye alikaa kimya akasubiri mwaka mwingine.

Siku 146

Tarehe 3 Mei 1955 alianza tena, safari hii kutoka mlima Oglethorpe huko Georgia. Alikuwa na miaka 67, mama wa watoto 11 na bibi wa wajukuu 23. Watoto wake aliwaambia tu kwamba anakwenda kutembea. Hakuwaeleza ni wapi wala ni umbali gani.

Sisi tuliowahi kufunga mzigo usiku tunajua jinsi mtu anavyochagua cha kubeba na cha kuacha. Bibi Gatewood alijishonea mfuko wa kitambaa kizito, akautundika begani. Ndani alitia blanketi la jeshi, koti la mvua, na pazia la plastiki la bafuni, ambalo lilimkinga na mvua kama shitingi inavyotukinga sisi. Hema hakuwa nalo, ramani hakuwa nayo. Mzigo wote haukufika kilo kumi. Miguuni alivaa raba za kawaida, na kabla ya kumaliza alikuwa amechakaza jozi kadhaa. Alikula soseji za kopo, zabibu kavu, karanga na maziwa ya unga, akaongezea majani na matunda aliyoyajua tangu utoto.

Hali ya hewa ya milima ile haitabiriki. Jua linaweza kuwaka asubuhi, na mchana ukungu ukafunika kila kitu. Mwezi Agosti mwaka ule vimbunga viwili, Connie na Diane, vilipiga mashariki ya Marekani vikifuatana kwa siku chache tu. Mafuriko ya Diane yaliua watu zaidi ya 180. Bibi Gatewood alikuwa njiani, nguo zimelowa, vijito vyote vimejaa. Huko Vermont alifika mahali ambapo maji yalikuwa yanakwenda kwa nguvu mno. Alisubiri. Wakatokea vijana wawili waliowahi kuwa wanamaji, wakamfunga kamba, wakamweka katikati yao, wakavuka naye. Alitembea peke yake, ila alipohitaji mkono wa mtu hakuukataa.

Usiku alilala alipopata: katika vibanda vya watembeaji, juu ya lundo la majani makavu, au barazani kwa watu asiowajua. Wako waliomfungulia mlango na kumpa chakula, na wako waliomfukuza.

Waandishi wa magazeti walipopata habari zake walianza kumfuata njiani. Walimwuliza juu ya mume wake, naye akajibu kwamba ni mjane. Ukweli ni kwamba bwana yule alikuwa hai. Dunia nzima ilisoma habari za raba zake na mfuko wake, wala haikujua habari za meno yake.

Tarehe 25 Septemba 1955, siku ya 146, katika baridi kali, alifika kilele cha mlima Katahdin huko Maine. Kwa wastani alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 22 kila siku. Hapo juu aliimba wimbo wa kuisifu nchi yake, kisha akashuka.

Miaka ya mwisho

Aliitembea njia ile tena mwaka 1957. Mwaka 1964 alikamilisha mara ya tatu, na hakuna mtu aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Mwaka 1959, akiwa na miaka 71, alitembea karibu kilomita 3,200 kutoka Independence, Missouri, hadi Portland, Oregon, akifuata njia ya wahamiaji wa zamani. Alifariki tarehe 4 Juni 1973, akiwa na miaka 85. Nyumbani kwao Ohio, sehemu ya njia ya milima ya Hocking imepewa jina lake.

Tunajifunza nini?

Watu humsifu Bibi Gatewood kwa kuvumilia mvua na vimbunga. Sisi tukiyatazama maisha yake tunaona kwamba mahali alipokaribia kufa zaidi palikuwa nyumbani kwake, chini ya paa, mikononi mwa mtu aliyemjua. Hata katika makambi yetu wako akina mama waliookoka risasi na mito iliyofurika, na leo wanaogopa jioni ikifika kwa sababu ya mtu wa ndani. Wakiulizwa, wanasema walianguka kisimani.

Akina baba, shida ya ukimbizi ni kubwa, mgao hautoshi, kazi hakuna. Hayo yote hayampi mtu ruhusa ya kumpiga mke wake. Wazee wa kanisa, mama akija usiku na uso umevimba, msianze kwa kumwambia arudi akavumilie. Kumbukeni kulikuwa na askari aliyemfunga na meya aliyemfungulia mlango. Jina la Bibi Gatewood tusingelijua leo kama mlango ule haukufunguliwa.

Nanyi akina mama mnaodhani miaka imekwisha kupita, hesabuni vizuri. Emma alipata talaka akiwa na miaka 53. Safari iliyomfanya ajulikane ilianza miaka 14 baadaye.

Bwana awalinde njiani na nyumbani.