Erlang, Mwalimu Aliyepima Msongamano wa Simu

Tumezoea kusema kwamba mtandao fulani una kasi na mwingine hauna. Kwa mtu wa isimu, neno hilo linastahili kutiliwa shaka. Tarakimu inayotangazwa, megabiti kadhaa kwa sekunde, hutaja upana wa njia ambamo habari hupita. Haisemi njia hiyo inagawanywa na wangapi. Aliyeliwekea jambo hili msingi wa hesabu alikuwa mwalimu wa shule, Agner Krarup Erlang wa Denmark.

Erlang alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, Jutland, ambako babake alikuwa mwalimu na karani wa kanisa. Akiwa na umri wa miaka 14 tu alifaulu mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, aliouketia kwa idhini maalumu. Alirejea kijijini akafundisha katika shule ya babake kwa miaka 2. Mwaka 1896 aliingia chuo kikuu kwa msaada wa masomo, na mwaka 1901 akahitimu katika hisabati, huku akisoma pia falaki, fizikia na kemia.

Baada ya hapo alishika chaki kwa miaka kadhaa. Katika chama cha wanahisabati alikutana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, na mwaka 1908 akaajiriwa huko. Swali lililomkabili lilikuwa la kila siku: watu wanapopiga simu bila kupatana, njia ngapi zitatosha? Zikiwa chache, wateja watakosa nafasi. Zikiwa nyingi mno, fedha za kampuni zitalala kwenye nyaya. Mwaka 1909 alionyesha kwamba simu zipigwazo kwa nasibu hufuata kanuni ya Poisson. Mwaka 1917 alitoa fomula za kukadiria uwezekano wa mpigaji kukosa njia, na muda wa kungoja penye foleni. Idara ya Posta ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa waliozitumia.

Hebu tutazame fundisho lake. Simu 20 za dakika 3 kila moja huijaza njia moja kwa saa nzima. Huo ndio mzigo wa kizio 1. Tukikubali simu 1 tu kati ya 100 ikose nafasi, njia 10 hubeba vizio 4.5 hivi, bali njia 20 hubeba vizio 12. Njia zimezidi mara mbili. Mzigo umekaribia mara tatu. Kwa hiyo wachache wanaogawana njia chache hutaabika kuliko wengi wanaogawana njia nyingi, hata kama uwiano ni ule ule.

Mkazi wa Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio pembezoni mwa mji wa Thika, anaielewa hesabu hii bila fomula. Bomba la kibanda cha maji halipungui upana foleni ya mitungi inaporefuka. Kinachopungua ni fungu la kila mmoja. Ndivyo ilivyo kwa mnara wa simu wakati wa jioni, wanafunzi wengi wanapofungua masomo kwa pamoja. Kumtajia mwanafunzi huyo megabiti pekee ni kumtajia upana wa bomba na kuificha foleni.

Hata mitambo hupotoshwa na tarakimu. Ruta zinazotumia kanuni ya OSPF kwa kawaida huipa kila njia gharama, kwa kugawanya kiwango cha marejeo kwa upana uliosajiliwa, kisha huchagua mkondo wenye jumla ndogo. Kiwango hicho kikiachwa katika megabiti 100, njia ya megabiti 100 na ile ya megabiti 1,000 hupewa gharama ile ile ya 1. Aidha, fundi akiandika upana mkubwa kuliko uliopo, waya haupanuki; shehena tu ndiyo inayoelekezwa huko, ikasongamane. Kweli, data za leo huja kwa mafuriko ya ghafla kuliko simu za enzi za Erlang, na fomula zake hazitoshi peke yake. Hata hivyo, swali lake lingali hai: upana ni huu, je, mzigo ni upi?

Erlang hakuoa. Wahitaji walizoea kumwendea katika maabara yake, naye aliwasaidia pasipo makeke. Alifariki tarehe 3 Februari 1929, akiwa na umri wa miaka 51, baada ya kupasuliwa hospitalini. Mwaka 1946 kizio cha mzigo wa simu kilipewa jina lake rasmi.

Walimu wa hisabati wana mfano mzuri hapa wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba nadharia ya uwezekano haikomei kwenye kurusha sarafu. Kila tunapoahidiwa mtandao wa megabiti kadha wa kadha, shuleni au mtaani, tuulize: zitagawanywa na wangapi, na saa ngapi? Jibu la swali hilo ndilo litakalotuambia kama mtoto wa Kiandutu atalipata somo lake jioni, au atalala akilingoja.