Harley Earl: Mtu aliyewapangisha watu foleni kutazama magari yasiyouzwa

Januari mwaka 1953, katika jiji la New York nchini Marekani, watu walimiminika kwenye hoteli ya kifahari ya Waldorf-Astoria. Hawakwenda kula wala kulala. Walikwenda kutazama magari, na mengi kati ya yale yaliyowavuta zaidi hayakuwa ya kuuzwa. Yaliwekwa chini ya taa kali yakang'aa kama vyombo vya dhahabu, na kila aliyetoka mle ndani alitoka na neno lake. Hili limependeza, lile limezidi mapambo, lile jingine linafanana na ndege kuliko gari.

Aliyekuwa nyuma ya magari hayo ni Harley Earl, mkuu wa ubunifu wa sura za magari katika kampuni ya General Motors. Kama umewahi kukaa kijiweni mkabishana iwapo modeli mpya ya gari inapendeza kuliko ile ya zamani, basi mlibishana juu ya jambo ambalo mtu huyu aliligeuza kuwa kazi rasmi ya kiwandani. Alifaulu kwa sababu aliwasikiliza watazamaji. Na siku alipoacha kuona walikoelekea, ndipo alipoanza kuachwa nyuma.

Mtoto wa mwenye karakana

Harley Earl alizaliwa Novemba 1893 katika eneo la Hollywood, Los Angeles. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Magari ya injini yalipoanza kuenea, mzee huyo hakung'ang'ania farasi. Mwaka 1908 aligeuza karakana yake ikawa ya kutengeneza bodi za magari.

Harley alisoma kwa muda katika Chuo Kikuu cha Stanford, kisha akarudi kufanya kazi na baba yake. Wakati huo Hollywood ilikuwa inageuka kuwa kitovu cha filamu, na waigizaji waliokuwa na pesa hawakutaka magari yanayofanana na ya watu wengine. Karakana ya akina Earl ilitengeneza bodi za kipekee kwa mastaa kama Roscoe Arbuckle, mchekeshaji, na Tom Mix, aliyeigiza filamu za wachunga ng'ombe. Hapo kijana Harley alijifunza jambo ambalo wahandisi wengi walikuwa hawajalitilia maanani: kuna watu wanaonunua gari kwa macho kabla ya kuuliza habari za injini.

Mwaka 1919 karakana hiyo ilinunuliwa na Don Lee, mfanyabiashara aliyeuza magari ya Cadillac, na Harley akabaki kuwa msimamizi wa ubunifu. Lawrence Fisher, mkuu wa Cadillac, alipofika California alimkuta kijana huyu akiunda mfano wa gari kwa udongo. Mafundi wengi wa zama hizo walitumia mbao na bati la kugongwa kwa nyundo. Udongo ulimpa Earl uhuru. Alipoona pembe haijakaa vizuri, aliikata. Alipotaka boneti ndefu zaidi, aliongeza udongo.

Njia hiyo haijafa. Mpaka leo, pamoja na kompyuta zote zilizopo, kampuni nyingi kubwa za magari bado huunda mfano wa udongo maalumu uliochanganywa na nta kabla ya kukubali sura ya gari jipya. Kampuni za Japani, ambazo magari yake yamejaa kwenye barabara zetu, nazo zimeitumia.

Detroit na vita vya rangi

Fisher alimwita Earl aende Detroit kubuni gari jipya lililoitwa LaSalle. Lilizinduliwa mwaka 1927 na likapendwa sana. Alfred Sloan, mkuu wa General Motors, aliona fursa. Mshindani wake mkubwa, Henry Ford, alikuwa ameuza mamilioni ya Model T, gari la bei nafuu na imara lililobaki na umbo karibu lilelile kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo lilipatikana kwa rangi nyeusi tu. Sloan aliamini kwamba mtu ambaye tayari ana gari atanunua jingine ikiwa tu jipya litamfanya la zamani alione limechakaa.

Basi akamwajiri Earl aanzishe idara ya sanaa na rangi. Haikuwa rahisi. Wahandisi na wakuu wa viwanda walimwona kijana wa Hollywood aliyekuja kupaka poda mashine zao. Earl mwenyewe alikuwa mtu mrefu wa zaidi ya futi sita, mwenye kuvaa suti za rangi zilizowashangaza watu wa Detroit, na mkali kwa wafanyakazi wake. Mara nyingi hakuchora kwa mkono wake. Alisimama nyuma ya wachoraji, akatazama, akaagiza mstari ushushwe au upandishwe, kisha akaondoka.

Pigo la kwanza lilikuja na Buick ya mwaka 1929. Ubavu wake ulikuwa umetuna chini ya madirisha, na watu wakalifananisha na mwanamke mjamzito. Mauzo yakashuka. Earl alilaumu kiwanda kwamba kilibadilisha vipimo vyake, lakini mnunuzi hana habari na ugomvi wa ndani ya kiwanda. Yeye huona gari lililo mbele yake, akilikataa amelikataa. Kuanzia hapo kampuni ikawa makini zaidi: sura mpya zililetwa hatua kwa hatua, ili jicho la mnunuzi lipate kuzoea.

Gari lililokuwa swali

Ndipo Earl akapata wazo lililomjengea jina. Badala ya kusubiri gari lifike sokoni ndipo kampuni ijue kama watu wanalipenda, aliamua kutengeneza gari moja tu, kulionyesha, na kusikiliza.

Gari hilo, Buick Y-Job, lilikamilika mwaka 1938. Lilikuwa refu na lilikaa chini sana. Taa zake za mbele zilijificha zikiwa hazitumiki, vioo vya madirisha vilipanda na kushuka kwa umeme, na vile vibao vya pembeni vya kukanyagia wakati wa kupanda havikuwepo. Earl aliliendesha mwenyewe mitaani kwa miaka. Watu waliligeukia, na sehemu ya mambo waliyoyaona humo yaliingia polepole kwenye magari ya kuuzwa.

Mwaka 1940 alifanywa makamu wa rais wa General Motors, mbunifu wa kwanza kufikia cheo hicho katika kampuni hiyo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Earl na vijana wake walipata nafasi ya kuitazama ndege ya kivita ya P-38 Lightning, yenye mikia miwili. Umbo lile liliwakaa kichwani. Vita vilipokwisha, Cadillac ya mwaka 1948 ilitoka ikiwa na vinundu viwili vidogo juu ya taa za nyuma, mfano wa mapezi ya samaki. Wapo walioona ni upuuzi, lakini wanunuzi waliyapenda. Kwa miaka kumi iliyofuata, mapezi hayo yalizidi kukua.

Motorama

Kuanzia mwaka 1949, General Motors ilifanya maonyesho makubwa yaliyokuja kujulikana kwa jina la Motorama. Yalianzia New York na katika miaka mingi yakapelekwa miji mingine kama Miami, Los Angeles na San Francisco. Kulikuwa na muziki, wacheza ngoma na magari ya ndoto. Hadi yalipofikia mwisho mwaka 1961, zaidi ya watu milioni 10 walikuwa wameyatembelea.

Humo ndimo lilimoonyeshwa gari la LeSabre la mwaka 1951, lenye kioo cha mbele kilichopinda hadi ubavuni na kifaa kilichohisi mvua kikafunga paa chenyewe. Humo pia zilionyeshwa Firebird, magari yaliyotumia injini za tabo mithili ya ndege. Firebird ya kwanza ilikuwa na pua, mabawa na mkia. Ya tatu haikuwa na usukani wa kawaida, bali kijiti kimoja cha kuongozea.

Maoni hayakukosa kugawanyika. Wapo walioona kesho imefika. Wengine waliona ni mchezo wa watu wazima. Mwaka 1955 Raymond Loewy, mbunifu mzaliwa wa Ufaransa aliyefanya kazi na kampuni ya Studebaker, aliwakosoa hadharani watengenezaji wa magari wa Marekani kwa kurundika vyuma vya kung'aa visivyo na kazi. Na kile kioo kilichopinda, kilipofika kwenye magari ya kuuzwa, kilileta malalamiko: nguzo yake iligonga magoti ya watu wakati wa kuingia, na pembeni kilipotosha taswira ya barabara.

Lakini hakuna gari linaloonyesha uzito wa neno la mtazamaji kama Corvette. Lilikuwa gari jeupe la viti viwili, lenye bodi ya nyuzi za kioo badala ya bati, na lilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye yale maonyesho ya Januari 1953. Watu walilipenda kiasi kwamba kampuni iliharakisha kulitengeneza, yakatoka magari 300 mwaka huohuo.

Kumbe uzuri ulikuwa wa nje. Wapenzi wa magari ya michezo walipolikagua waligundua lina injini ya kawaida ya silinda sita na gia otomatiki ya hatua mbili tu. Milango haikuwa na vitasa kwa nje, na madirisha yalikuwa mapazia ya kupachika. Mwaka 1954 yalitengenezwa magari 3,640, na mengi yakabaki bila wanunuzi. Kampuni ilifikiria kuliacha.

Miongoni mwa waliolitazama pale New York alikuwapo mhandisi Zora Arkus-Duntov. Alivutiwa na sura yake lakini hakuridhishwa na kilichokuwa chini ya boneti. Aliiandikia General Motors kueleza mawazo yake, na mwaka huohuo akaajiriwa. Corvette ilipata injini ya V8 mwaka 1955, na wakati huo Ford walikuwa wameleta Thunderbird kushindana nayo, hivyo kuliacha gari hilo kungekuwa aibu. Linatengenezwa hadi leo. Maoni ya mtazamaji mmoja aliyejua anachokisema yalisaidia kuliokoa.

Mwalimu anapopitwa

Katika miaka ya 1950 Earl alikuwa hapingiki. Aliajiri pia kundi la wabunifu wanawake wakati kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Lakini kanuni yake ilikuwa ileile: refu zaidi, chini zaidi, vyuma vya kung'aa zaidi.

Mwaka 1956 mmoja wa wabunifu wake vijana, Chuck Jordan, alipita karibu na kiwanda cha Chrysler akaona nyuma ya ua magari ya mwaka uliofuata. Yalikuwa membamba, mepesi kwa macho, yenye paa nyembamba na mistari safi. Yalibuniwa chini ya Virgil Exner, mtu ambaye zamani aliwahi kufanya kazi chini ya Earl. Jordan alirudi mbio kuwaeleza wenzake. Earl alikuwa safarini Ulaya. Wabunifu wake, wakiongozwa na Bill Mitchell, walianza kuchora upya bila kumsubiri.

Aliporejea alikuta kazi yake imewekwa kando. Angeweza kuwafukuza. Alitazama michoro, akakubali. Kwa mtu aliyezoea kutoa amri kwa miaka 30, hilo halikuwa jambo dogo.

Magari ya General Motors ya mwaka 1958, ambayo yalikuwa yamekwisha kupita mikononi mwake, yalitoka mazito na yamejaa kromu, katika mwaka ambao uchumi wa Marekani ulikuwa umeyumba. Cadillac ya mwaka 1959 ikabeba mapezi marefu kuliko yote. Mwisho wa mwaka 1958 Earl alistaafu, na Mitchell akashika nafasi yake. Mapezi yakaanza kupungua.

Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader aliandika kitabu kilichowashutumu watengenezaji kwa kutanguliza mapambo kabla ya usalama. Alieleza habari za watu walioumizwa na ncha za mapezi ya Cadillac. Mjadala ukageuka. Swali halikuwa tena gari gani linapendeza peke yake, bali uzuri huo unamgharimu nani.

Vyuma vilivyokataa kufa

Harley Earl alifariki dunia Aprili 1969 huko Florida, akiwa na umri wa miaka 75. Mshindi wa mbio za Daytona 500 hupewa kombe lenye jina lake, na juu yake pana mfano wa Firebird ya kwanza.

Baadhi ya magari yake ya Motorama yaliamriwa yaharibiwe baada ya maonyesho. Manne kati yake yalipelekwa kwenye yadi ya vyuma chakavu huko Michigan, yakakatwa, lakini hayakusagwa. Yalikaa humo kwa miaka 30 na zaidi hadi mkusanyaji wa magari Joe Bortz alipoyanunua mwishoni mwa miaka ya 1980. Moja lao, Chevrolet Biscayne la mwaka 1955, liliungwa upya kipande kwa kipande. Sasa linaonyeshwa tena mbele ya wapenzi wa magari, nao wanaendelea na kazi yao ileile: kulizunguka, kuinama, kulitazama taa na ubavu, na kubishana kama linapendeza au limezidi.