Zhou Enlai, sindano za Kichina na damu kwenye mkojo

Siku chache zilizopita alikuja kwangu kijana mchimbaji kutoka pande zetu hizi za Kishapu. Alikuwa na maumivu chini ya kitovu. Kwa miezi mitano alikuwa akimeza vidonge vilivyoandikwa Kichina, alivyonunua mnadani. Aliniambia vinamsaidia sana, kwani sasa anaweza kulala. Nilipomuuliza kuhusu mkojo wake akainamisha kichwa. Ulikuwa na damu tangu mwaka jana.

Ndiyo maana leo nataka nikusimulie maisha ya mtu mmoja mkubwa ambaye wazee wetu wanamkumbuka kwa jina la Chou En-lai, Waziri Mkuu wa China. Wengi wanamjua kwa reli ya TAZARA. Mimi namkumbuka kama mtu aliyezileta karibu tiba mbili, ya jadi ya Kichina na ya hospitali, na kama mgonjwa ambaye damu ilionekana kwenye mkojo wake.

Zhou Enlai alizaliwa tarehe 5 Machi 1898 katika mji wa Huai'an, jimbo la Jiangsu. Akiwa kijana alikwenda Japani, kisha Ufaransa, akarudi kwao na kuingia katika mapambano ya kisiasa. Mwaka 1939, akiwa Yan'an, alianguka kutoka juu ya farasi na kuvunjika mkono wa kulia. Mfupa haukuunga vizuri. Alipelekwa hadi Moscow kutibiwa, lakini mkono haukunyooka tena. Ukitazama picha zake nyingi utaona mkono wa kulia umekunjwa mbele ya kiuno. Si madaha yale, ni jeraha. Aliucheza mchezo wa tenisi ya mezani miaka mingi, sehemu kwa ajili ya kuufanyisha mkono huo mazoezi.

China ilipopata serikali mpya mwaka 1949, Zhou akawa Waziri Mkuu, cheo alichokishika hadi kufa. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 500 na madaktari wachache mno waliosomea tiba ya kisasa. Kijijini mtu akiumwa alikwenda kwa mganga wa jadi mwenye mizizi, majani na sindano nyembamba. Serikali ingeweza kuwapiga marufuku waganga hao. Badala yake iliamua madaktari wa hospitali wajifunze ya jadi, na wa jadi wajifunze ya hospitali. Desemba 1955 kikafunguliwa Beijing chuo cha utafiti wa tiba ya Kichina.

Hapa nieleze kidogo kuhusu sindano hizo, maana kwetu ukisema sindano mtu anafikiria dawa. Sindano ya Kichina haina dawa ndani yake. Ni nyembamba karibu kama unywele, huchomwa sehemu maalumu za mwili na kuachwa kwa dakika kadhaa. Wachina wa kale walieleza kazi yake kwa habari ya nguvu inayopita mwilini. Sisi madaktari tunaeleza hivi: mchomo huamsha mishipa ya fahamu, na ubongo hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, ndugu wa mofini. Watu wenye maumivu sugu ya mgongo, magoti au kichwa wanaweza kupata nafuu. Nafuu hiyo kwa kawaida ni ya kiasi, si muujiza.

Dunia ilizisikia sana sindano hizi mwaka 1971. Mwandishi wa habari wa Marekani, James Reston, alikuwa ziarani Beijing aliposhikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Zhou aliagiza mabingwa washirikiane kumtibu. Tarehe 17 Julai alipasuliwa, na baadaye akaandika habari zake katika gazeti la New York Times. Watu wengi walielewa kwamba alipasuliwa kwa sindano za Kichina bila ganzi. Sivyo. Upasuaji ulifanywa kwa dawa za ganzi za kawaida za hospitali. Sindano zilikuja baadaye, usiku, tumbo lilipojaa gesi na kumsumbua, naye akapata nafuu. Angalia mpangilio huo, msomaji: kisu na ganzi viliondoa ugonjwa, sindano ikapunguza adha iliyobaki. Kila tiba ilikaa mahali pake.

Ni kweli pia kwamba wakati ule wageni walionyeshwa wagonjwa wakipasuliwa kwa sindano wakiwa macho. Wagonjwa hao walichaguliwa kwa makini, na mara nyingi walipewa pia dawa za maumivu. Baada ya miaka michache mtindo huo ulififia, hata China kwenyewe.

Huku kwetu alifika Juni 1965, alipomtembelea Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam. Kabla ya hapo, mwaka 1964, madaktari wa Kichina walikuwa wameshaanza kazi Zanzibar, wakitoka Jiangsu, jimbo lake la kuzaliwa. Mwaka 1968 wengine kutoka jimbo la Shandong wakaja Tanzania Bara. Walileta kisu cha upasuaji na pia sindano zao nyembamba.

Na kuna zawadi nyingine ambayo wewe mzazi umeshaishika mkononi. Mei 1967 serikali ya Zhou ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou, wa chuo kile kile cha Beijing, alisoma vitabu vya kale vya tiba, akachukua mmea uliotumika tangu zamani, akaupima maabara, akajua kilichomo na kipimo chake. Kutoka humo ikapatikana artemisinini, ambayo leo imo katika dawa mseto ya malaria anayopewa mwanao zahanati. Mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobeli. Kuchanganya tiba mbili kwa haki ndiko huko: la jadi linapimwa, linajulikana, ndipo linatumika.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikusimulie haya yote. Mei 1972, katika kipimo cha kawaida cha mkojo, madaktari wa Zhou waliona chembe za damu na dalili za saratani ya kibofu. Alikuwa na miaka 74. Kwa ugonjwa ule, kuonekana mapema ni bahati kubwa. Lakini uamuzi wa kumtibu haukuwa wa madaktari peke yao, ulipita kwa viongozi wa juu wa chama, na kazi za nchi hazikumwachia nafasi. Uchunguzi wa kuingia ndani ya kibofu na kuunguza uvimbe ulifanyika Machi 1973 tu, karibu miezi kumi baadaye. Ugonjwa ukarudi. Juni 1974 akafanyiwa upasuaji mkubwa, na mwingine ukafuata. Aliendelea kupokea wageni na kusaini mafaili akiwa hospitalini, amekonda, ana maumivu makali. Alifariki tarehe 8 Januari 1976, akiwa na miaka 77.

Mtu huyu alikuwa na mabingwa wa tiba zote mbili mlangoni kwake. Kilichokosekana ni muda uliopotea mwanzoni, na muda huo hakuna sindano wala mzizi ulioweza kuurudisha.

Kwa nini jambo hili lituguse sisi wa Kishapu? Kwa sababu huku kwetu damu kwenye mkojo ni kitu tulichokizoea. Watoto wetu wanaoga kwenye malambo na kuingia majaruba ya mpunga, wanapata kichocho. Wengine huambiwa ni dalili ya kukua. Si kukua, ni minyoo inayojeruhi kibofu. Kichocho cha mkojo kikiachwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu, na uvutaji sigara huongeza hatari. Mtoto akipewa prazikwanteli mapema, kwa kawaida anapona. Mtu mzima anayeona damu, hata mara moja, hata bila maumivu, apimwe.

Sikukatazi kutafuta nafuu ya maumivu. Mchimbaji wa Mwadui au Maganzo mwenye mgongo sugu, mama aliyeinama shambani kwa pamba miaka ishirini, wanaweza kufaidika na sindano za Kichina zikichomwa na mtu aliyesomea. Ila zingatia haya.

Kwanza, jua ugonjwa kabla ya kutuliza maumivu. Maumivu ni mbwa anayebweka. Ukimnyamazisha mbwa bila kutazama nje, mwizi yumo uani.

Pili, sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako, itumike mara moja na kutupwa. Iliyotumika kwa mwingine inaweza kukupa homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Tatu, vidonge vya mitishamba vya mnadani usivimeze. Baadhi ya vidonge vya namna hiyo, vilipopimwa katika nchi mbalimbali, vilikutwa vimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali kama diklofenaki na deksamethasoni. Ndiyo maana mtu anapata nafuu ya haraka huku tumbo na figo zikiharibika. Na ipo jamii ya mimea iliyotumika katika tiba ya Kichina, aristolokia, ambayo imethibitika kuua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Mtoto usimpe kabisa.

Nne, mwambie daktari kila unachotumia, na usiache dawa zako za presha, kisukari, selimundu au UKIMWI kwa sababu umeanza tiba nyingine. Hatutakugombeza. Tunahitaji kujua ili tusikupe dawa zitakazogombana tumboni mwako.

Tano, saratani ikishafika mbali, maumivu yake yana dawa. Mofini ya kunywa ipo katika hospitali kubwa zinazotibu saratani, ikiwemo Bugando, Mwanza. Kuiomba si kukata tamaa, na hakuna mgonjwa anayepaswa kufa akilia kwa maumivu.

Yule kijana nimempa rufaa, na amekwenda. Tunasubiri majibu ya kibofu chake. Mifuko ya vidonge vyake ameniachia mezani.

Jioni hii, msomaji, muulize mwanao mkojo wake una rangi gani. Muulize kwa upole, bila kumtisha, kisha umsikilize. Tukutane wiki ijayo.