Elizabeth Hazen: Yatima aliyesaka dawa ya kuvu udongoni

Umewahi kuona mtoto mchanga akitiwa matone ya njano mdomoni kwa sababu ya utando mweupe unaomsumbua akinyonya? Mara nyingi dawa hiyo huwa ni nystatin. Leo nataka umjue mmoja wa wanawake wawili walioigundua: Elizabeth Lee Hazen.

Alizaliwa 1885 katika jimbo la Mississippi, Marekani. Kabla hajafikisha miaka minne, baba na mama walikuwa wamefariki, akalelewa na jamaa zake. Alisoma, akafunza sayansi katika shule ya upili, kisha akarudi darasani mwenyewe. Shahada ya uzamifu aliipata 1927, umri ukiwa umepita miaka 40. Wewe unayelia kuwa umechelewa, ebu tulia kwanza.

Miaka ya 1940 penisilini ilikuwa imeleta shangwe. Lakini dawa za aina hiyo huua bakteria tu. Kuvu, au fangasi kama tulivyozoea kusema, haziguswi. Zikikosa washindani mwilini, hujitanua.

Hazen, akiwa New York katika maabara ya idara ya afya ya jimbo, alianza kupima udongo kutoka sehemu mbalimbali akitafuta vijidudu vinavyoua kuvu. Alichopata alikituma kwa posta, ndani ya chupa, hadi mji wa Albany, zaidi ya kilomita 200. Huko mwanakemia Rachel Brown alichuja kiini cha dawa na kumrudishia akijaribu. Nyingi ziliua kuvu, lakini zikaua na panya wa maabara pia. Hawakukata tamaa. Kumbe jibu lilikuwa kwenye udongo wa shamba la marafiki wa Hazen kule Virginia! Mwaka wa 1950 wakaitangaza dawa, wakaipa jina la jimbo lao, New York State.

Hataza yake iliingiza takriban dola milioni 13. Unadhani walijenga kasri? La, fedha zote zilienda kwa utafiti. Hazen alifariki 1975.

Lakini kazi haijaisha. Nystatin hutibu mdomo, utumbo na ngozi. Haifai kudungwa kwenye damu kwa sababu ni sumu. Kuvu zikizama hadi damuni au kwenye ubongo, zinahitaji dawa nyingine kali, na mgonjwa mwenye kinga dhaifu bado anaweza kufa akitibiwa. Ndiyo maana watafiti wanatafuta pia chanjo: dawa ipunguze adui, nayo kinga iliyofunzwa immalize. Hadi sasa hakuna chanjo ya kuvu iliyoidhinishwa kwa binadamu.

Nafasi hiyo iko wazi, kijana. Udongo alioanza nao Hazen hata kwenu upo.