Mche ukishapandwa, nani mlezi wake?

Nilipokuwa mlezi wa chama cha mazingira katika shule moja ya upili, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza swali lililonikata maini. Alitaka kujua ni kwa nini mashimo tuliyokuwa tukichimba siku ile ya kupanda miti yalikuwa yale yale ya mwaka uliotangulia. Sikuwa na jibu. Miche ya awali ilikuwa imekauka wakati wa likizo ya Desemba. Nami, mlezi mzima, nilikuwa nimefunga mizigo nikaenda zangu nyumbani bila kumwachia mtu yeyote jukumu la kuitilia maji.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatafakari maisha ya mtu mmoja anayesifiwa katika nchi za mbali, hali kazi yake kuu ilianzia papa hapa kwetu.

Richard St. Barbe Baker alizaliwa mwaka wa 1889 katika jimbo la Hampshire, Uingereza, akakulia miongoni mwa vitalu vya miche vya babake. Ujanani alikwenda Kanada, na huko akajionea jinsi upepo unavyopeperusha udongo wa mashamba yaliyofyekwa miti. Baada ya kupigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, alisomea elimu ya misitu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mnamo 1920 aliletwa Kenya kuwa afisa wa misitu.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Baker alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, serikali ile ile iliyowapokonya wenyeji ardhi yao. Hilo halifichiki. Hata hivyo, alipoiona miinuko ya Ukikuyu iliyobaki vipara, hakukimbilia kutoa amri. Alikwenda kwa wazee kutaka shauri. Wazee walimweleza kwamba kuotesha misitu ni kazi ya Mungu, kwani miti mikubwa huangusha mbegu zake yenyewe. Waama, hawakukosea. Lakini miti mikubwa ilikuwa ikikatwa mmoja baada ya mwingine, na mti uliokatwa hauangushi mbegu.

Baker aliwaza, akakumbuka kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma za msimu wa kupanda na za msimu wa mavuno. Je, kwa nini pasiwe na ngoma ya miti?

Ngoma hiyo ilichezwa Muguga tarehe 22 Julai, 1922. Walifika vijana wapatao 3,000. Kwa msaada wa Chifu Josiah Njonjo, babake Charles Njonjo ambaye baadaye alikuwa Mkuu wa Sheria wa Kenya, waliteuliwa vijana 50 miongoni mwa waliojitolea. Waliahidi mbele ya umati kwamba kila mmoja wao angepanda miti 10 kila mwaka, angeitunza miti popote ilipo, na angetenda tendo moja jema kila siku. Wakavishwa beji, wakaitwa Watu wa Miti. Hawakuahidiwa mshahara.

Kutokana na mbegu hiyo ya Muguga, Baker alianzisha chama kama hicho Uingereza mnamo 1924, kisha kikaenea katika nchi nyingine nyingi. Mwenyewe hakutulia. Alitetea miti mikongwe ya California isikatwe, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akasafiri kuvuka jangwa la Sahara akichunguza namna ya kulirudishia kijani. Alifariki Juni 1982 huko Saskatoon, Kanada, akiwa na umri wa miaka 92, siku chache tu baada ya kupanda mti wake wa mwisho.

Wasomaji wapenzi, mimi sioni ajabu katika idadi ya miti aliyoipanda. Ajabu yake ni kwamba alilifanya jambo la miti kuwa heshima ya kijana. Sisi je? Katika shule nyingi, mwanafunzi aliyechelewa ndiye anayetumwa kuchimba mashimo, na aliyepiga kelele darasani ndiye anayebeba ndoo ya maji. Tumeigeuza kazi ya mti kuwa adhabu, kisha twashangaa vijana wanapoikimbia! Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walinena. Lakini hawakusema tumkunje kwa kiboko.

Taifa letu halina upungufu wa siku za kupanda. Tarehe 13 Novemba, 2023 ilitangazwa kuwa sikukuu, nchi nzima ikahimizwa kupanda miti milioni 100 kwa siku moja. Ni jambo la kupongezwa. Lakini mche haufi siku ya sherehe. Hufa mwezi wa tatu baadaye, wageni waheshimiwa wakiwa wamekwenda zao, jua likiwaka na mbuzi wakipita palipobomoka ua.

Mwaka uliofuata lile swali, tulibadili mtindo. Hatukumlazimisha mtu. Waliojitolea waliahidi mbele ya shule nzima, kila mmoja akakabidhiwa mche wake. Waliokaa karibu na shule walishika zamu za likizo, na wa kidato cha nne walipoondoka waliwarithisha wadogo zao miti hiyo. Michache ilikufa, sikatai. Mingi ilishika, na leo wanafunzi wanasomea chini ya vivuli vyake.

Basi, mwalimu mwenzangu, kabla ya kengele ya kufunga muhula kulia, pitia miche yenu mmoja mmoja ukiulizia jina la mlezi wake. Nawe mwanafunzi, usingoje kuitwa. Mche usio na jina la mtu, hilo tayari ni shimo la mwaka ujao.