Henry Ford: Mtoto wa mkulima aliyelazimika kubadili gia

WAPO wakulima na wafanyabiashara wengi wenye pikapu za otomatiki ambao, giaboksi inapoanza kuteleza, huambiwa na fundi kuwa dawa ni kuing'oa na kufunga ya gia za mkono. Ushauri huo unaweza kumwokoa mtu, lakini pia unaweza kummalizia mtaji. Kabla ya kuamua, ni vema tukaangalia maisha ya Henry Ford, ambaye mwaka 1927 alilazimika kufanya badiliko linalofanana na hilo katika kiwanda kizima.

Ford alizaliwa Julai 30, 1863 katika shamba karibu na Dearborn, jimbo la Michigan nchini Marekani. Baba yake, William, alikuwa mkulima mhamiaji kutoka Ireland. Kijana huyo hakupenda kazi ya jembe, bali alipenda mashine. Mwaka 1879 alikwenda Detroit kujifunza ufundi, kisha akarudi kijijini na kuendesha injini ya mvuke katika mashamba ya majirani.

Mwaka 1896, akiwa mhandisi katika kampuni ya umeme ya Edison mjini Detroit, alikamilisha gari lake la kwanza. Usiku wa kulitoa, aligundua kuwa mlango wa banda ni mwembamba, ikabidi avunje ukuta. Kampuni yake ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1899, ilikufa. Ya pili aliiacha mapema baada ya kutoelewana na wenye mitaji. Ya tatu, Ford Motor Company, ilianzishwa Juni 1903 na ndiyo iliyosimama.

Oktoba 1908 alitoa Model T, gari lililoanza kuuzwa kwa takriban dola 850. Mwaka 1913 alianzisha utaratibu wa gari kusogezwa mbele ya mafundi, kila mmoja akifunga kifaa chake, na bei ikazidi kushuka. Mwaka 1925 pikapu ya kwanza ya Ford kutoka kiwandani iliuzwa kwa dola 281. Wakulima walibebea mazao, na wengine waliinua gurudumu la nyuma na kulifunga mkanda ili kuendesha misumeno.

Siri moja ya gari hilo ilikuwa gia zake. Zilikuwa gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati, kama sayari zinavyolizunguka jua. Dereva hakuwa na kazi ya kuchomeka gia kwa mkono. Alikanyaga pedeli ya kushoto kupata gia nzito, akaiachia kupata gia ya mwendo. Pedeli ya katikati ilikuwa ya kurudi nyuma. Gia za sayari ndizo mpaka leo ziko ndani ya giaboksi nyingi za otomatiki.

Hata hivyo, kulikuwa na gia mbili tu za kwenda mbele. Mlimani, dereva mwenye mzigo alitakiwa kushikilia pedeli muda wote, na mikanda ya ndani iliyobana gia ilichakaa. Chevrolet wakati huo walikuwa na gia tatu za mkono. Edsel, mtoto wa Ford, alihimiza mabadiliko, lakini mzee alishikilia msimamo. Mwaka 1926 meneja mmoja aliyemwandikia kumshauri juu ya hali ya soko aliondolewa kazini.

Soko halikumsubiri. Mei 1927 Model T ilisimamishwa baada ya kutengenezwa magari zaidi ya milioni 15. Viwanda vilifungwa kwa miezi kadhaa na maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi. Desemba mwaka huo ikatoka Model A, yenye klachi na gia tatu za mkono. Ford hakubadili giaboksi peke yake. Injini, breki na mashine za kiwandani navyo vilibadilishwa. Gari hilo liliuzwa vizuri, lakini gharama ya kuchelewa ilikuwa imekwishalipwa. Ford alifariki dunia Aprili 7, 1947. Pamoja na sifa zake, gazeti lake la miaka ya 1920 lilieneza chuki dhidi ya Wayahudi.

Msomaji mwenye pikapu ana somo hapa. Kubadili gia ni zaidi ya kununua giaboksi. Utahitaji flaiwili, klachi na presha pleti yake, pedeli na pampu ya klachi, vishikizo vya giaboksi, na pengine propela shafti ya urefu tofauti. Kompyuta ya gari nayo lazima ikubaliane na mfumo mpya, la sivyo gari linaweza kukataa kuwaka au kukosa nguvu.

Kwa hiyo piga hesabu tatu: kukarabati otomatiki, kubadili gia, au kuuza gari na kununua la gia za mkono. Katika kila moja, weka na siku ambazo gari litalala gereji huku mazao yakisubiri. Kama unabadili, tafuta gari bovu la aina ileile lenye vifaa vyote. Usiamue kwa sababu umelizoea gari lako, wala kwa sababu fundi ana haraka. Mali bila daftari hupotea bila habari.