Waldegård, fundi wa usukani aliyeijulia turbo

Ukitoka Dodoma mjini kwenda Morogoro, ukishaiacha Ihumwa nyuma, barabara inanyooka. Mibuyu huku na huku, ng'ombe pembeni, upepo mkavu. Hapo ndipo kijana mwenye Crown Athlete ya turbo au Mark II yenye injini ya 1JZ huanza kujisikia. Mguu unashuka, turbo inapiga mluzi, na kabla hajamaliza kutabasamu, Buigiri hiyo hapo. Bodaboda anaingia barabarani, mama ana ndoo kichwani, na sheria inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Tena Buigiri ina shule ya watoto wasioona. Mtoto wa shule ile hawezi kuliona gari linalokuja mbio. Dereva ndiye wa kumuona yeye.

Gari la hivyo, lenye turbo na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, si jipya Afrika Mashariki. Miaka 40 iliyopita lilikuwa likichana vumbi la Kenya Pasaka hadi Pasaka, na aliyelijua kuliko wote alikuwa mtoto wa mkulima kutoka Sweden, Björn Waldegård.

Mashabiki wa soka wa leo huenda jina hilo haliwaambii kitu. Enzi hizo, Pasaka ya ukanda huu ilikuwa na dabi yake: Safari Rally. Yalianza 1953, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland wa Dar es Salaam aliyabeba mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, watu wakamwita Simba wa Nyika (watani wa Msimbazi wasianze maneno, hakuna uhusiano). Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alichukua matano. Wageni kutoka Ulaya walikuja na magari ya kutisha wakaondoka na mabati. Waldegård alikuja, akajifunza, akaondoka na makombe manne: 1977, 1984, 1986 na 1990.

Alizaliwa Novemba 12, 1943, akakulia shambani, katika nchi ambayo nusu ya mwaka barabara ni barafu. Kwenye barafu huwezi kumdanganya mtu. Ukikata usukani kwa pupa gari linakwenda linakotaka lenyewe, ukikanyaga breki ndani ya kona umekwisha. Alianza mashindano mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawa bingwa wa Sweden 1967 na 1968. Kisha akapewa Porsche 911, na hapo ndipo shule yenyewe ilipoanza.

Porsche ile injini yake imekaa nyuma kabisa, baada ya magurudumu ya nyuma, na magurudumu hayo hayo ndiyo yanayosukuma. Uzito wote uko mkiani. Ukiingia kwenye kona kwa kasi, ukaogopa, ukaachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi, na nyuma ya gari inachomoka kuja kukupita. Madereva wengi wa magari ya nyuma huangukia hapo hapo. Hawapinduki kwa sababu walikanyaga sana tu. Wanapinduka kwa sababu walikanyaga, wakashtuka, wakaachia.

Waldegård aliijua tabia hiyo akaigeuza kuwa silaha. Madereva wa nchi zile walikuwa na mbinu ya kulitupa gari kidogo upande wa pili kabla ya kona, ili mkia uanze kuyumba, halafu wanalirudisha likiwa tayari limeelekea wanakotaka. Kwa anayetazama ni vurugu. Kwa dereva ni hesabu: gari linageuka mapema, na linapoifikia kona yenyewe kazi ya usukani imeshakwisha, kinachobaki ni mguu wa kulia kupeleka nguvu pole pole. Kwa mbinu za namna hiyo alishinda mashindano ya Sweden mara tatu mfululizo, 1968 hadi 1970, na Monte Carlo mara mbili, 1969 na 1970.

Hakuwa dereva wa kuua gari. Ubingwa wake wa dunia unalisema hilo vizuri. Mwaka 1979 ndio mara ya kwanza dunia kuwa na bingwa rasmi wa madereva wa rali, na msimu ulianza kwa kumchoma moyo. Kule Monte Carlo alikuwa anaongoza usiku wa mwisho, akakuta mawe yamewekwa barabarani, akapoteza muda na kushindwa na Bernard Darniche kwa sekunde 6. Mwingine angeendesha msimu mzima kwa hasira. Yeye aliendelea kukusanya pointi, na kwenye mashindano ya mwisho, Ivory Coast, Hannu Mikkola alishinda na Waldegård akawa wa pili. Wa pili ilitosha. Alimaliza na pointi 112, Mikkola 111. Ni kama timu inayochukua ubingwa kwa sare ugenini, na wanaojua mpira wanajua sare ya namna hiyo ina ugumu gani.

Turbo ilimkuta mtu mzima. Kikosi cha Toyota cha Ulaya, chenye makao Ujerumani, kiliongozwa na Msweden mwenzake, Ove Andersson, ambaye naye alishinda Safari 1975 akiwa na Peugeot 504. Wakati ule dunia ya rali ilikuwa imegeuka. Audi walikuwa wameleta Quattro, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, na kwenye theluji na kokoto za Ulaya wenye magari ya nyuma walionekana watu wa jana. Toyota wao walikuja na Celica Twin Cam Turbo. Injini ya lita mbili na kidogo, nguvu zaidi ya farasi 300, na zote zinapelekwa kwenye tairi mbili za nyuma.

Turbo inafanya kazi kwa moshi. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ndogo, feni hiyo inazungusha nyingine inayosukuma hewa kurudi kwenye injini, na hewa ikiongezeka mafuta yanachomwa mengi zaidi. Tatizo ni kwamba feni inahitaji muda kupata kasi. Unakanyaga sasa, nguvu inakuja baadaye, na turbo za miaka ile zilichelewa kuliko hizi za leo. Zikifika, zinafika zote kwa mkupuo. Kwa dereva mgeni hiyo ndiyo hatari: anaingia kwenye kona, anakanyaga, haoni kitu, anaongeza kukanyaga, halafu katikati ya kona, usukani ukiwa umekunjwa, farasi 300 wanaamka. Tairi za nyuma zinakosa pa kushika, mkia unaondoka. Anashtuka, anaachia, na tumeshaona kuachia kunaleta nini.

Dawa yake inafanana na pasi ya straika anayekimbia. Humpigii pale alipo, unampigia kule atakapokuwa. Dereva wa turbo anamaliza breki zote barabara ikiwa bado imenyooka na kuweka gia inayofaa kabla ya kona, ili injini iwe tayari inazunguka vya kutosha. Ndani ya kona anashika mafuta kidogo, kwa mguu uliotulia. Halafu anakanyaga mapema kidogo na kwa kipimo, akihesabu kwamba nguvu itakapofika usukani utakuwa umeshaanza kunyooka. Nyuma ikichomoka hata hivyo, haachii kwa ghafla wala hagusi breki. Anapunguza taratibu, anageuza usukani kufuata upande ule ule ambao mkia unakimbilia, na macho yanabaki kule anakotaka kwenda. Anayeutazama mti ataugonga mti.

Haya yote yanasemeka kirahisi. Mguu haujifunzi kwa kusoma gazeti. Waldegård alikuwa na miaka 20 ya barafu, matope na kokoto kabla hajaikalia Celica, na bado kikosi chake kilikuja Kenya mapema kuzipita njia za Safari na kuandika kila daraja, kila mtaro, kila kilima ambacho mbele yake huoni. Maana barabara za Safari hazikufungwa. Shindano lilipita huku matatu zinapakia abiria, ng'ombe wanavuka na watoto wanatoka kanisani. Ndiyo maana magari yalifungwa vyuma vizito mbele, na timu kubwa zilirusha helikopta juu kumuonya dereva. Lakini helikopta haioni kila mtoto.

Mwaka 1983 Celica hiyo ilishinda Ivory Coast ikiwa mikononi mwa Waldegård. Pasaka ya 1984 akaileta Kenya. Wengi waliwapa nafasi Audi, na kwa makaratasi walikuwa sahihi. Waldegård, akiwa na Hans Thorszelius pembeni akimsomea njia, alimaliza wa kwanza. Rauno Aaltonen na Opel Manta akafuata. Mikkola na Quattro yake akawa wa tatu. Magari mawili ya juu yote yalikuwa ya kusukuma nyuma. Safari ilikuwa ndefu, zaidi ya kilomita 4,000, na gari lisilovunjika likiwa na dereva asiyelivunja lilikuwa na thamani kuliko gari lenye kasi.

Mwaka uliofuata alishika nafasi ya pili, na aliyemshinda alikuwa kijana wa timu yake mwenyewe, Juha Kankkunen wa Finland, aliyekuwa anashiriki Safari kwa mara ya kwanza. Kuna mashabiki watakaosema basi turbo haikuwa ngumu hivyo. Labda. Lakini kijana yule alikulia kwenye barafu vilevile, na baadaye alikuwa bingwa wa dunia mara nne. Si mtu wa kupimia wengine.

Halafu ukaja 1986, mwaka ambao rali ilijiona kwenye kioo ikaogopa. Magari yalikuwa yamepata nguvu kupita uwezo wa watu. Machi, kule Ureno, Ford lilimshinda dereva likaingia kwenye umati na kuua watazamaji. Mei, kisiwani Corsica, Henri Toivonen na msomaji wake Sergio Cresto waliteketea ndani ya Lancia Delta S4 baada ya kutoka nje ya kona. Toivonen alikuwa na miaka 29 na hapakuwa na ubishi juu ya kipaji chake. Wakuu wa mchezo wakatangaza kwamba magari ya daraja lile mwisho wake ni mwaka huo.

Katikati ya misiba hiyo miwili ilikaa Pasaka, na Waldegård alishinda Safari tena, safari hii akisomewa njia na Fred Gallagher. Baadaye mwaka huo huo akaongeza Ivory Coast. Celica Twin Cam Turbo ikastaafu ikiwa na ushindi mara 6 kwenye ubingwa wa dunia, yote Afrika: Safari tatu na Ivory Coast tatu, na manne kati ya hayo ni ya Waldegård.

Ushindi wake wa mwisho wa ubingwa wa dunia ulikuja hapa hapa, Safari ya 1990, akiwa na Celica nyingine, hii ya kusukuma magurudumu manne. Alikuwa na miaka 46. Hakuna aliyewahi kushinda akiwa na umri mkubwa hivyo, na rekodi ilidumu hadi Januari 2022, Sébastien Loeb alipoivunja Monte Carlo akiwa na 47. Kwenye soka huyo ni kocha tayari, tena aliyeshafukuzwa timu tatu.

Asifikiriwe malaika. Safari ya 1992 ilimwangusha: alipata ajali na Lancia Delta, akavunjika mkono, na mbio zake za ubingwa wa dunia zikaishia hapo. Aliyekuwa ameyajua yote hayo kwa miaka 30, naye siku moja barabara ilimshinda.

Alirudi tena, kwa raha zake. Kwenye Safari ya magari ya zamani, ambayo mara kadhaa imevuka mpaka hadi kaskazini mwa Tanzania, alishinda 2007, kisha 2011. Pembeni yake aliketi mwanawe, Mathias, akimsomea njia. Mwaka 2011 mzee alikuwa na miaka 68, na gari lilikuwa Porsche 911, lile lile la kusukuma nyuma lililomfundisha kazi. Agosti 29, 2014 alifariki dunia kwa saratani, akiwa na miaka 70.